Ua Lenye Madoa ya Chui

Bi Perere, mnyama mdogo wa mitini, alikuwa na okidi, mmea wenye maua ya manjano na madoa meusi. Aliifunga mwenyewe kwenye panda ya mti alimoishi, akailea mpaka ikashika. Siku moja Chui akaiona.

"Madoa hayo ni yangu. Basi ua ni langu, na mti ni wangu. Hama!"

"Chukua kipande ukapande, mzee. Kikikuchanulia, nitahama siku hiyohiyo."

Chui akakifukia kwenye udongo mweusi, akakimwagilia asubuhi na jioni, huku akijigamba kwa kila mpita njia kwamba ndugu yake yu karibu kuchanua.

Mvua zilipokwisha alirudi na mizizi iliyooza. "Umenipa kibovu, kijitu wewe!"

"Ulikizika kikiwa hai, mzee. Okidi hupumua kwa mizizi. Ifunge kwenye gome, ipate upepo, na ikauke kabla hujaimwagilia tena."

Juu yake maua yalikuwa yamefunika tawi zima. Chui akayatazama, kisha akajitazama mwili.

"Lakini madoa ni yangu," alinung'unika.

Bi Perere alijinyoosha pandani pake. "Madoa ni yako, mzee. Malezi ni yangu. Na sihami."