Hodi kwenye Nyumba ya Benki

Mashavu alikuwa amezunguka benki zote za mji akiomba tenda ya kusafisha nyumba walizonyang'anywa wadaiwa. Asubuhi hiyo benki moja ilimpa nyumba ya majaribio. Afisa wa mikopo, Bwana Luhende, alimkabidhi ufunguo mlangoni.

"Toa kila kitu, kisha piga deki. Ukiifanya vizuri hii, na nyingine zote ni zako."

Mashavu aliuzungusha ufunguo, akasukuma mlango kidogo, akasimama.

"Hodi!"

Bwana Luhende akacheka. "Unampigia nani hodi, dada? Hao walishahama."

"Mazoea tu, bosi."

"Karibu," ikajibu sauti ya bibi kizee kutoka ndani. "Karibu, mwanangu. Pita, chai iko tayari."

Kicheko cha Bwana Luhende kikakatika. "Ingia umtoe," akanong'ona. "Anza na vyombo vyake."

Mashavu aliutazama ufagio mkononi mwake. Akauegemeza ukutani, nje, pamoja na ndoo. Akavua kandambili, akaingia.

Bwana Luhende alibaki kibarazani, akitega sikio asikie vitu vikiburutwa. Alichosikia ni kijiko kikikoroga sukari kikombeni, taratibu, halafu kijiko kingine katika kikombe cha pili.