Jani la Mnana

Hapo kale, ndege walipokuwa wakisomea ujenzi, Tetere alipoteza mayai kwa kiota kibovu. Akaamua kutafuta chuo. Alimkuta Mnana, bingwa wa kusuka, amebana jani bichi mdomoni.

"Hodi, fundi. Eti, chuo cha Mbayuwayu kikoje?"

Mnana akalitema jani apate kusema vizuri. "Kile cha matope? Mvua moja tu, kwisha! Na mwenyewe anavyojidai!" Akaendelea hivyo mpaka jua likafika utosini.

Tetere akashukuru, akaenda kumuuliza Mbayuwayu habari za Mnana. Mbayuwayu akabandika kwanza tope lililokuwa mdomoni, akalisawazisha, ndipo akajibu, "Viota vyake vinaning'inia kule mtini, kavitazame. Vyangu hivi hapa, ingia." Akaenda kuchota tope jingine.

Jioni Mnana akamwona Tetere ana tope mdomo mzima.

"Mama Tetere! Kwani sikukueleza?"

"Ulinieleza mpaka nikashiba, fundi. Ila kusuka ni kazi ya mdomo, na wako niliutazama asubuhi nzima, haukufunga hata fundo moja."

Mnana akataka kujibu, akalikumbuka lile jani. Lilikuwa limeshakauka.