Mgeni Asiyeonja Mkate

Tangu kila nyumba ya Wakirgizi kule milimani ilipoamriwa kuishi na mashine ya kaunti ya kutoa ushauri wa mifugo, ile ya Bibi Uulkan ilikalia mahali pa heshima, mkabala na mlango, alipokuwa akiketi marehemu mumewe. Mashine hiyo aliiita Mgeni.

Asubuhi moja Mgeni akatamka, "Mwaka huu kondoo hawapandi malishoni, nyasi zipumzike."

Bibi Uulkan akafura. "Koma! Theluji imeyeyuka, kondoo wanalia njaa, halafu chuma kinipangie? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwaka wa tatu huu, hata kuni hujaokota!"

Akaweka mkate mbele ya Mgeni kwa mikono miwili, maana mkate hautupwi hata kwa hasira. "Kwetu asiyeonja mkate hana kauli nyumbani. Haya, onja!"

Mkate ukabaki palepale. Bibi akamgeukia mwanawe Toktosun, uso umemng'aa. "Umeona? Kafungue zizi."

Toktosun hakuelekea zizini. Alimega kipande, akakitia mdomoni, akatafuna polepole huku ameinamisha macho.

"Nimemwonjea, mama," akasema. "Sasa ana kauli."