Msimamizi wa Chumba cha Uani

Wewe ungefanyaje na mgeni anayekula kwako mwaka wa saba sasa, ambaye asipoweka alama ya kidole chake kuidhinisha tasnifu yako, shahada huipati?

Enzi hizo sheria ilitaka msimamizi wa uzamivu ahamie nyumbani kwa mwanafunzi wake mpaka tasnifu ipite. Basi Profesa Mwaikambo alikuwa na chumba cha uani kwa akina Tumsifu, ndala zake za bluu mlangoni, na chai yake isiyotiwa sukari.

"Huyu binti yangu ataolewa na tasnifu," mama yake Tumsifu alitania asubuhi ile, akisogeza bakuli la maharage.

"Sura ya nne bado kidogo, mama," Profesa akajibu, macho kwenye sahani.

Tumsifu akaweka mezani kibao cha kuwekea alama ya kidole, kile cha kuidhinisha tasnifu. Sura hiyo alishaiandika mara kumi na moja.

"Profesa, kasoro iko wapi?" akauliza.

Mzee alikiangalia kile kibao, asikiguse.

"Haina kasoro," akasema. "Ila ukipita leo, kesho wananihamishia kwa mwingine. Mimi nataka kubaki hapa, mwanangu."