Hasira Iliyokaa Kifuani

Daktari mzee wa mitishamba aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu, akafumba macho. Vidole vilikuwa baridi, vyepesi kama vya mtoto aliyelala.

Picha ya hospitali alikwisha kuiona. Uvimbe wa titi langu si ule mbaya, ila maumivu yanakwenda na kurudi.

"Ini, makao ya hasira, limeziba," akasema. "Mwanamke akimeza hasira, hukwama hapo kifuani. Dada yangu, unameza nini?"

"Mama hana hasira," mwanangu Jianping akadakia. "Mpole huyu! Muulize yeyote pale ghorofani."

"Kijana, mkono nilioushika ni wako?"

Nilikuwa nimechoka, nimechoka hata kukasirika. Tangu watoto wa Jianping wazaliwe niko mjini napika uji, nafua, nalala kwenye kochi la sebuleni, na mume wangu kule kijijini anakula peke yake.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akajibu daktari.

"Nina nyumba mbili, wala sina kitanda."

Jianping akacheka. "Mama na vitendawili vyake! Mpe dawa tu, mzee, tuwahi watoto shuleni."

Daktari hakucheka.

"Jibu ni mimi," nikamwambia mwanangu. "Nikatie tiketi ya treni. Narudi kwa baba yako."

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Na watoto, Mama? Nani atawalea?"

"Wana baba," nikasema, nikashusha mkono wa sweta yangu.