Flashi ya Hakimu

Taarifa ya habari ya siku ya vurugu za sokoni ilikuwa imebaki imerekodiwa kwenye king'amuzi cha Bi Mwanahija tu. Humo alionekana Kombo, dalali wa viazi, akimpiga marehemu mume wa Bi Mwanahija rungu la kisogoni. Hakimu aliitaka kwenye flashi, kesho asubuhi.

"Vumilia, mama," alisema fundi Chande kibandani mwake. "Kuihamisha na kuigeuza ikubali kwenye kompyuta ya mahakama kunakula muda. Imebaki robo."

Kombo akaingia bila hodi, nondo mkononi. Akamtandika Chande begani, mfupa ukalia, fundi akaanguka kati ya nyaya zake akipiga mayowe.

"Wee mjane! Unataka kunifunga kwa sinema?"

"Si sinema, Kombo. Ni wewe."

Kombo akaigeukia televisheni iliyokuwa mezani, ambamo mkono wake mwenyewe ulikuwa ukipanda na kushuka. Akaivamia. Akakipiga kioo, akakipiga tena na tena, mpaka vipande vikamchana paji la uso na damu ikamwingia machoni.

"Haya! Picha yako iko wapi sasa?"

Bi Mwanahija alikuwa akimtaja Mungu kimoyomoyo. Chini ya meza king'amuzi kilikuwa kizima, na flashi iliyochomekwa ubavuni mwake ilikuwa bado ikipepesa kitaa cha kijani. Akasogea taratibu, akatanua khanga yake mbele ya kile kitaa, akasimama papo hapo, huku Kombo akijifuta damu apate kuona.