Ndoo ya Perege

Kila mara wanunuzi walipokuja kukagua bwawa la majitaka la kiwanda cha vitenge, meneja Mbwambo aliwatangulia na ndoo ya perege wa sokoni. Bila samaki hai bwawani kuonyesha kuwa maji ni salama, oda zingekwenda kwingine. Wageni wakishaondoka, samaki walikufa wakaelea.

Leo alifika mbiombio, akainama amwage, akasita. Visamaki vidogo kama punje za mchele vilikimbia kivuli chake.

"Bi Mwanaheri, nani kaleta hivi?"

Fundi wa chujio hakuinua hata kichwa. "Wale wako wa mara iliyopita hawakufa, bosi. Tangu nibadilishe mkaa wa chujio, wamezaa."

Honi ililia getini. Mbwambo akazunguka na ndoo yake, maji yakimrukia suti, akitafuta pa kuificha.